Kamera ya dashibodi: njia tano za kuipa umeme, kuanzia bora hadi ya kuikataa

Ukiingia dukani kuulizia kamera ya dashibodi, muuzaji atakupigia hadithi ya lenzi: 2K, 4K, mbele na nyuma, inaona hata usiku. Ukimuuliza umeme unatoka wapi, jibu ni fupi: "Unachomeka pale kwenye sigara, bosi." Kumbe hapo ndipo pa kuanzia. Kamera ya bei ya kati yenye umeme usioyumba itakuwa na kitu cha kumwonyesha trafiki siku bajaji imekuchomekea ukagonga. Ya 4K inayozimika kila ukiruka tuta haitakuwa na kitu. Kwa hiyo hapa sizipangi kamera kwa ubora wa picha, nazipanga njia za kuzilisha umeme, kwa mtu mwenye gari la kawaida lililotoka Japani likiwa limetumika.

Kabla ya kuchagua, jua betri yako ina nini. IST, Vitz, Passo na wenzao wengi wanabeba betri ndogo ya aina ya NS40, yenye ampea-saa 35 hivi. Kamera ikibaki macho gari likiwa limepaki huvuta kama ampea 0.3, pungufu kidogo ikiwa na lenzi moja, zaidi ikiwa na mbili. Usiku wa saa 12 ni ampea-saa 3.6, sehemu ya kumi ya betri mpya. Hilo si tatizo kwa anayetoka nyumbani kila asubuhi. Sasa liache gari uwanja wa ndege siku nne: saa 96 mara 0.3 ni karibu ampea-saa 29. Ongeza alamu na kifaa cha kufuatilia gari, navyo havilali, na ukirudi na mabegi yako utatafuta mtu wa kukushtulia gari. Na hiyo ni betri mpya. Iliyokaa miaka mitatu kwenye joto la Dar haifiki huko.

1. Seti ya waya tatu inayoingia kwenye sanduku la fyuzi

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na kwa watu wengi ndiyo ya mwisho pia. Ni kiboksi kidogo kinachoshusha volti 12 za gari kuwa 5 za kamera, kikiwa na waya tatu: wa umeme wa kudumu, wa umeme unaokuja ufunguo ukifika ACC (ile hatua redio inapowaka kabla ya injini), na wa ethi. Mara nyingi wa kudumu ni wa njano, wa ACC mwekundu na wa ethi mweusi, lakini soma karatasi yake, rangi zisikudanganye. Kwenye maduka ya mtandaoni ya nje seti nzuri ni dola 15 hadi 30.

Unachokilipia hasa ni ule uwezo wa kukata umeme volti zikishuka. Seti nzuri hukuruhusu kuchagua kiwango, kwa mfano 11.8, 12.0, 12.2 au 12.4. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na ikifika 12.2 imebakiwa na nusu hivi. Kwa NS40 weka 12.4. Kwa betri kubwa ya Prado au Harrier, 12.2 inatosha. Ukikuta seti imewekwa 11.8 kutoka kiwandani, ibadilishe siku hiyo hiyo. Hapo itakata umeme wakati betri imekwisha kabisa, na kazi yake haipo tena.

Angalia mdomo wa waya kabla ya kulipa. Kuna kamera za USB ndogo ya zamani na za USB-C, na zipo ambazo hazitambui kuwa gari limepaki mpaka zipate seti ya kampuni yao wenyewe. 70mai, Viofo na BlackVue wote wanauza za kwao. Ukinunua isiyo ya kampuni hiyo, kamera itawaka vizuri, ila ile hali ya kulinda gari lililopaki inaweza isifanye kazi, nawe utadhani kamera ni mbovu.

Nunua pamoja nayo vigawa fyuzi viwili. Ni vile vipande vinavyokaa palipokuwa na fyuzi, vyenye nafasi ya fyuzi ya zamani na mpya, na waya mmoja umechomoza. Chomoa fyuzi moja ya gari lako uende nayo dukani, kwa sababu saizi ni nyingi na zinafanana kwa macho: Toyota za zamani zinatumia ile ndogo, nyingi mpya zinatumia ndogo iliyo fupi zaidi. Kisichoingia vizuri kitalegea, na kinacholegea kinapata moto.

Hapa ndipo ugomvi na mafundi unapoanzia. Fundi umeme wengi watakuambia vigawa ni kupoteza hela, watachuna waya wa redio, watazungushia wa kamera na kufunga tepu nyeusi. Itawaka. Baada ya miezi kadhaa ya joto gundi ya tepu inayeyuka, waya unabaki uchi nyuma ya redio, na shoti ikitokea fyuzi inayokatika ni ile kubwa ya redio, kama itakatika. Kigawa kina fyuzi yake ya kamera pekee, ampea 2 au 3, na ukiuza gari unakichomoa bila kuacha kidonda. Sisitiza.

Umeme wa ACC uchukuliwe kwenye fyuzi iliyoandikwa CIG au ACC. Wa kudumu, kwenye Toyota nyingi upo kwenye ile iliyoandikwa OBD. Usiguse zenye maandishi ya AIRBAG, ABS, EFI wala ECU. Na pimeni kwa mita, msikisie: ufunguo ukitolewa, ya ACC lazima isome sifuri na ya kudumu isome zaidi ya 12. Ethi ifungwe kwenye bolti iliyogusa chuma cha bodi, isiwe bolti iliyopakwa rangi wala ya plastiki.

Kama gari lako ni la wikiendi tu, seti hii bado inakufaa. Waya wa kudumu na wa ACC vyote viwili vifungwe kwenye fyuzi ya ACC, na uzime ulinzi wa kupaki kwenye kamera. Inawaka na gari, inalala na gari. Siku ukihamia kazi ya kila siku, unahamisha waya mmoja.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa magari ya Japani. Gari lako likiwa na kile kisoma kadi cha kulipia barabara, ETC, kinachokusemesha Kijapani kila ukiwasha, kimekaa bure. Nyuma yake mara nyingi kuna waya wa kudumu, wa ACC na wa ethi, tayari umepitishwa na fundi wa Japani aliyeifanya kazi kwa nidhamu. Fundi mwenye mita anaweza kuutumia huo huo badala ya kufungua sanduku la fyuzi. Mtaondoa na ile sauti.

2. Soketi ya sigara

Ya pili, na sioni aibu kuipendekeza kwa dereva wa gari la kukodi, la kampuni au la shemeji. Haihitaji fundi, na kwenye gari nyingi za Kijapani soketi inazimika ukitoa ufunguo, hivyo betri iko salama. Gari za Ulaya ni vingine, baadhi soketi zake hubaki na umeme muda wote. Toa ufunguo, ngoja dakika chache, uone kama chaja ya simu bado inawaka.

Udhaifu wake ni kulegea. Barabara ya vumbi ikitikisa, plagi inapoteza mguso kwa nukta moja, kamera inazima na kuanza upya, na hiyo ndiyo nukta uliyokuwa unaihitaji. Tumia adapta iliyokuja na kamera. Za kuokota mtaani zenye USB mbili huwa zinagawana umeme na simu, na kamera ya lenzi mbili haitoshelezwi. Na usiache waya unaning'inia katikati ya kioo. Upitishe ulivyopita wa fyuzi, nitaeleza chini.

3. Plagi ya OBD

Ni ile sehemu ya pini 16 chini ya usukani ambapo fundi huchomeka kompyuta. Pini yake ya 16 ina umeme wa kudumu, kwa hiyo kuna waya wa kamera unaochomekwa hapo moja kwa moja, bila kugusa fyuzi. Usafi wake unavutia. Ninaishusha hadi ya tatu kwa sababu kwetu ile sehemu ina wenyewe: kampuni za kufuatilia magari zinapenda kukaa hapo, na kila ukienda kupima gari fundi atachomoa, kisha asirudishe. Pia plagi inachomoza karibu na magoti ya dereva. Ukiichukua, chagua yenye kukata umeme volti zikishuka, si bomba wazi tu.

4. Betri ya pembeni ya kamera

Kwa kazi ya kulinda gari lililopaki hakuna inayoishinda. Inajichaji injini ikiwaka, inailisha kamera usiku kucha, na betri ya gari haiguswi. Nzuri zake zinatumia LiFePO4, aina ya lithiamu inayovumilia joto kuliko ile ya simu. Lakini bei inaanzia dola 200 na kuendelea, zaidi ya kamera nyingi zenyewe. Kwa IST ya kwenda kazini na kurudi, hela hiyo nunua betri mpya ya gari na tairi.

Na tuulizane ukweli: ulinzi wa kupaki unakupa nini? Aliyekukwaruza Mlimani City akaondoka, namba yake utaipata. Mwizi wa vioo vya pembeni anayekuja saa tisa usiku na kofia, utapata picha ya kofia.

5. Pawa benki

Usifanye. Pawa benki ndani ya gari lililofungwa juani, Dodoma au Mombasa, ni lithiamu inayochemshwa karibu na viti vya sponji. Hata kama haitalipuka, itavimba.

Kwa sababu hiyo hiyo ya joto, ukinunua kamera uliza inahifadhi umeme kwa betri au kwa kapasita, kile kipande kidogo kinachotunza chaji kidogo bila kuwa betri. Yenye betri ya lithiamu ndani yake itavimba kwenye kioo cha mbele, ni suala la muda. Ya kapasita inavumilia, na gari likizimika ghafla ina chaji ya kutosha kufunga faili la mwisho lisiharibike.

Kuhusu kufunga: kamera ikae nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofutwa na waipa, na lenzi iwe chini ya ile bendi ya giza ya juu. Futa kioo kwa spiriti, bandika, uiache gundi ishike kabla ya kutundika kamera. Waya usukumwe kwa vidole ndani ya ukingo wa dari, ushuke kwenye nguzo ya mbele, upite chini ya raba ya mlango hadi kwenye fyuzi. Hapo kwenye nguzo simama na fundi. Gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni limeficha mfuko nyuma ya lile jalada la plastiki. Waya upite nyuma ya mfuko, usipite mbele yake, la sivyo siku ya ajali mfuko utafunguka na kuurusha usoni kwako. Akilivuta jalada kwa nguvu, klipu zitavunjika na gari litapiga kelele kila ukipita rafu.

Prius, Aqua na haibridi nyingine: betri ya volti 12 mara nyingi iko nyuma na ni ndogo, weka 12.4, na waya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkubwa, fundi asizisogelee. Coaster na Rosa nyingi, pamoja na malori, ni volti 24. Seti isiyoandikwa 12–24 itaungua mara moja.

Kadi ya memori inunuliwe ya kuhimili kurekodi mfululizo, GB 64 au 128. Picha ya 1080p hula kama GB 7 kwa saa kwa lenzi moja, na feki ni nyingi: ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya kuipachika. Fundi akimaliza, lala usiku mmoja, asubuhi kabla ya kuwasha gari pima betri. Ikisoma chini ya 12.2, mrudishie gari kabla hajamaliza kuitumia hela yako.