Kipimo cha haraka cha sumukuvu: maoni ya mwenye mashine

Nina mashine ya kukoboa na kusaga, na ninafungasha unga wa lishe. Mahindi nachukua soko la Kibaigwa, Dodoma. Tangu 2016, sumukuvu (hapa nasema aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka) ilipoua watu Dodoma na Manyara, akina mama wanaonunua unga wa watoto hawaanzi na bei. Wanauliza kwanza kama nimepima.

Kipimo nilichonunua kinafanana kabisa na kile cha malaria cha zahanati, na hapo ndipo vijana wangu wanapochanganyikiwa, maana hiki kinasomwa kinyume. Mistari miwili, salama. Mstari mmoja, mzigo hauingii ndani. Siri yake ni dhahabu, tena dhahabu kweli: chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi, na kwa udogo huo haina rangi ya njano tena, ni nyekundu. Chembe zimevishwa kingamwili zinazokamata sumukuvu, na kwenye mstari wa kupimia wamekwisha kupaka sumukuvu kidogo. Unga ukiwa safi, chembe zinafika pale zikiwa wazi, zinanasa, mstari mwekundu unatokea. Ukiwa na sumu, nafasi zao zimeshajazwa njiani, zinapitiliza, unabaki ule mstari mwingine wa kuhakiki tu.

Changu kimewekwa kikatae kuanzia maikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha juu cha sumukuvu jumla kwa mahindi Afrika Mashariki. Namba hakitoi. Mstari ukififia, mnabishana. Kifaa cha kuusoma kinauzwa peke yake, na bei yake acha tu.

Boksi linajisifu kwa jibu la dakika 5. Halisemi kazi iliyopo kabla ya hizo dakika. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, kwa hiyo ukichota kiganja juu ya gunia umepima kiganja hicho tu. Sisi tunachoma bambo juu, katikati na chini, gunia kwa gunia, tunachanganya, tunasaga kilo tano zote, ndipo tunachota gramu chache za kutikisa na spiriti. Anayekwepa hatua hii bora asinunue kipimo kabisa, kitamdanganya akiwa anacheka.

Kingine, hakioni fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, na hiyo nayo ni mgeni wa kudumu wa mahindi. Karanga zina utaratibu wake wa kuandaa sampuli, usibahatishe. Halafu vipimo vyenyewe vinataka friji. Kwa umeme wetu huu!

Lakini madalali wamebadilika. Zamani nikisema mzigo una ukungu, walinicheka: "Mama, huo ni vumbi." Sasa naweka kipimo mezani, tunasubiri wote.

Nyota nne. Kwa debe la nyumbani ni gharama ya bure: chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, kisha koboa, sumu inapungua sana. Anayechukua kwa tani anunue, ila aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hajatoa hela. Mimi nimeshaonyeshwa boksi lililobakiza wiki mbili, kwa bei ileile.