Siku tatu na mashine ya eksirei ya mkononi: nilichopata kwenye vigae vya glezi

Kwa yeyote anayefikiria kukodi mashine ya XRF ya mkononi, yaani inayotambua elementi kwa eksirei, ili achunguze vigae vya vyombo vya kale vya Kiislamu: ikodi. Ila kabla hujaiwasha, jua unachoiuliza, maana maswali mengine haiyawezi kabisa.

Mimi ni mtunzaji wa vikale. Ninavisafisha vigae, naviandika namba, navipanga. Sanduku lililonipeleka kwenye mashine hii lina vigae 58 kutoka magofu ya pwani yetu, vya kati ya karne ya 9 na ya 14, vyote vikiwa na glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo. Vilivuka bahari kutoka Ghuba na kwingineko, na vimekuwa vikitajwa asili yake kwa macho tu. Nilitaka kuacha kubahatisha.

Umbo la mashine ni kama la drili ya fundi seremala. Unaegesha pua yake kwenye kigae, unabonyeza, unasubiri dakika moja au mbili. Eksirei zinaigonga glezi, kila elementi inajibu kwa nishati yake, na skrini inachora vilele. Hukati kitu wala hukwangui, na kwa mtu wa kazi yangu hilo peke yake linatosha kuipenda. Omba stendi. Usishike kigae kwa vidole mbele ya mwale, hata kama aliyekuletea anafanya hivyo.

Sasa kigae namba 12 na namba 13. Kwa miaka mitano nimeviweka mfuko mmoja. Vyote vyeupe kama tui, vyembamba, na udongo wa manjano hafifu unaoacha unga kwenye ukucha. Lebo yao moja: Iraki, karne ya 9. Mfinyanzi wa Basra wa wakati ule alikuwa anashindana na mabakuli meupe yaliyokuja kwa meli kutoka China, na udongo wake haukuwa mweupe, basi ilibidi weupe akautafute kwenye glezi yenyewe. Alikuwa na njia mbili. Aache punje za mchanga mweupe zisiyeyuke zote na mapovu madogo yabaki ndani, mwanga utawanyike humo. Au atie oksidi ya bati, namaanisha madini yenyewe, siyo bati la kuezekea, ambayo hubaki kwenye glezi kama fuwele ndogo mno na kuifanya nyeupe isiyopenyeka.

Nilipandisha mashine hadi kilovolti 50, kwa sababu bati hujibu juu sana, karibu kiloelektronivolti 25 (kipimo cha nishati). Namba 12 ikatoa kilele kilichosimama wima kama mnazi. Namba 13, hakuna kitu, mstari umelala. Nikarudia mara tatu, sehemu tatu tofauti. Jibu lilelile. Vigae viwili ambavyo jicho langu haliwezi kuvitofautisha hata leo, na vimepikwa kwa akili mbili tofauti! Siku hiyo nilivitenganisha mifuko.

Rangi nazo zilijieleza vizuri. Yale magae mazito ya mitungi ya samawati ya bahari na zile sgrafiato za kijani zilizochorwa kwa ncha kali, zote zina shaba. Tofauti ni kwamba sgrafiato zimejaa risasi, ile metali nzito, na mitungi karibu haina. Shaba kwenye glezi ya magadi, yaani ya sodiamu, hutoa samawati ile, kwenye glezi ya risasi hutoa kijani.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwa walionikodisha, siyo kwa mashine. Waliileta ikiwa imewekwa kwenye hali ya kupima udongo wa shamba, na hakuna aliyeniambia. Nilipoweka sgrafiato namba 31, skrini ikaandika aseniki, ile sumu, asilimia 2. Nilivua glavu nikaenda kunawa mikono mara mbili, kisha nikakaa nikiangalia vilele vyenyewe badala ya jedwali. Kilele kikuu cha aseniki na kile cha risasi vinakaa karibu mahali pamoja, kiloelektronivolti 10.54 na 10.55. Glezi ya aina hii inaweza kuwa na risasi zaidi ya asilimia 40, na programu ya udongo haikuandaliwa kwa risasi nyingi kiasi hicho. Aseniki haikuwepo. Nilipoteza nusu siku ya kodi kwa jambo ambalo sentensi moja ya mkodishaji ingelizuia.

Upungufu wa mashine yenyewe ni sodiamu. Mwanga wake ni dhaifu mno, unamezwa na hewa kabla haujafika, na sodiamu ndiyo moyo wa glezi ya magadi iliyotokana na majivu ya mimea. Kwa hiyo glezi hiyo unaitambua kwa kukosekana kwa risasi, siyo kwa kuiona. Isitoshe, glezi iliyolala ardhini miaka elfu imeliwa usoni, na ule upinde wa mvua unaopendeza ni uozo. Ukipima juu ya uozo, unapima uozo.

Kwa hilo nilipeleka vipande vitatu kwenye hadubini ya elektroni. Huko lazima ukubali kukata ncha ndogo, kuizamisha kwenye resini na kuisugua hadi ing'ae. Katika picha vitu vizito huonekana vyeupe zaidi, na ndani ya namba 12 fuwele za bati zilikuwa zimetapakaa kama chembe za chumvi juu ya kitambaa cha kijivu. Mashine ya mkononi ilisema kweli.

Usiiulize chombo kilitengenezwa mji gani. Hilo linataka udongo wa mwili wa chombo uchunguzwe, na kwa glezi za risasi, isotopu za risasi, yaani aina za risasi zinazotofautiana kwa uzito.

Nitaikodi tena, siku mbili zinatosha. Safari hii nitaomba kwa maandishi hali ya kupima kioo na faili ghafi za vilele, na nitaanza na mfuko wa vigae vyeupe uliobaki, una tisa.