Steini ya mafuta kwenye geti la mvule: mwaka mmoja na nusu baadaye

Geti letu linatazama ziwa. Tunaishi upande wa Dunga, Kisumu, na kuanzia saa nane mchana hadi jua linapozama, uso wake wa nje haupati kivuli hata kidogo. Msimu wa mvua ukifika, mvua za jioni zenye radi hulipiga ubavuni. Ninaanza na hilo kwa sababu mwenye miti mirefu mbele ya nyumba huenda akapata matokeo bora kuliko yangu.

Mbao zenyewe ni za mvule uliokatwa shambani kwa baba mkwe, Siaya, na yeye ndiye aliyesimama na mafundi siku zote walipokuwa wakilitengeneza. Sasa mzee hayupo. Majirani waliponishauri niweke geti la chuma kama wao, sikutaka hata kulifikiria.

Mara ya kwanza tulipaka vanishi isiyo na rangi, ile ya kung'aa. Lilipendeza mno. Baada ya miezi minane hivi upande wa ziwani ukaanza kuota mapovu, kisha vanishi ikabanduka kama magamba ya ngege. Nilipobandua gamba moja kwa ukucha, mbao ya chini ilikuwa ya kijivu, na nyuzi zake zikatoka na kidole kama pamba. Kampuni siitaji kwa kuwa kopo liliandikwa wazi kuwa ni vanishi ya ndani ya nyumba. Aliyetuuzia ndiye aliyetuambia inafaa popote, nasi tukamwamini bila kusoma.

Nilikuja kuelewa kilichotokea. Vanishi isiyo na rangi hupitisha jua kama kioo. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huvunja lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, na nyuzi zikishalegea vanishi haina cha kushikilia. Hapo maji hupenya kwenye nyufa, yakafungiwa ndani yasiweze kutoka. Kinachokinga ni rangi yenyewe, zile chembechembe ndogo zinazozuia mwanga. Ndiyo maana safari hii nilitafuta steini ya mafuta ya matumizi ya nje, yenye rangi, inayoingia ndani ya mbao badala ya kulala juu kama ngozi. Nilichukua lita 4, rangi ya hudhurungi. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile vanishi.

Fundi hakuona haja. “Mama, tupake oili chafu ya injini tu, mchwa hatasogea.” Nikamwambia, “Fundi, kiini cha mvule mchwa hawakipendi tangu zamani. Adui yetu hapa ni jua na maji.” Oili chafu hushika nguo za watoto, huchuruzika hadi kwenye udongo, na siku ukitaka kupaka kitu kingine hakishiki. Rangi ya mafuta ya kawaida, juu ya praima, yaani rangi ya kutanguliza, ni chaguo zuri, na ningeipaka bila wasiwasi kwenye geti la saipresi. Lakini kuuficha mvule ule sikuweza.

Tulifanya kazi Januari mwaka jana, mbao zikiwa zimekauka. Kukwangua vanishi ya zamani kulichukua siku mbili nzima, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Tulianza na msasa namba 80, tukamalizia na 120, tukifuata urefu wa nyuzi. Fungeni barakoa, tafadhali. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na mwenye pumu asikae karibu. Lakini kile kijivu kilipoondoka, ikatokea rangi ya dhahabu, mbichi kabisa, kama siku geti lilipoletwa. Niliita watoto waje waone mti wa babu yao.

Mvule una mafuta yake ya asili yanayochelewesha steini kukauka, kwa hiyo baada ya kufuta vumbi tulipitisha kitambaa chenye tapentaini, tukaacha ikauke ndipo tukapaka.

Mkono wa kwanza, yaani safu ya kwanza ya steini, ulituponyoka kidogo. Chembe za rangi hutuama chini ya kopo. Fundi alikoroga mwanzoni, hakurudia, na mlango wa kushoto ukatoka mwepesi, wa kulia mweusi zaidi. Tulirekebisha kwa mkono wa pili, ila ukisimama karibu bado utaona tofauti. Korogeni kila mnapochovya brashi, mara ya kwanza hadi ya mwisho. Pia, baada ya dakika kama 15, steini ambayo mbao haijainywa lazima ifutwe kwa kitambaa. Pale tulipoiacha, karibu na bawaba, ilibaki inanata kwa siku nne.

Na hivyo vitambaa visirundikwe. Vyetu viliachwa nyuma ya stoo, na nilipovishika saa moja baadaye katikati ya rundo kulikuwa na joto, kama bakuli la uji, ilhali vilikuwa kivulini. Mafuta ya aina hii yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Nilivitumbukiza kwenye ndoo ya maji papo hapo, kisha tukavitandaza kimoja kimoja nje juu ya mawe. Onyo hilo liko kwenye kopo kwa maandishi madogo sana, na sijaona fundi hata mmoja akilifuata.

Mkono wa pili tulipaka kesho yake, tukachelewa, tukamaliza saa kumi na moja jioni. Taa ya geti ikawashwa kama kawaida. Wakazi wa kando ya ziwa mmeshajua kilichofuata: asubuhi geti lilikuwa limejaa vidudu vya ziwani, maelfu, vimenata toka juu hadi chini. Tulisubiri ikauke, tukavisugua kwa msasa mwepesi, tukapaka upya sehemu zilizoharibika. Huku kwetu kazi ya brashi iishe kabla ya saa sita mchana, na taa ya karibu izimwe usiku huo.

Geti lina milango miwili, kila mmoja mita 1.5 kwa 2, pande zote mbili. Mikono miwili ilimaliza kama lita 3. Sehemu kubwa ilinywewa na miisho ya mbao, pale msumeno ulipokata, kwa sababu hapo vinyweleo viko wazi na maji hupanda kama kwenye mrija. Tuliing'oa milango, tukailaza, tukapaka miisho ya chini mara tatu. Fundi hupenda kuiruka kwa kuwa haionekani. Kwenye geti letu kulikuwa na kipande cha saipresi kilichowekwa chini miaka iliyopita kwa matengenezo, na ndicho pekee tulichokikuta kimeoza, kutoka upande huo huo wa chini. Tulikitoa.

Sasa limepita misimu mitatu ya mvua, masika mbili na vuli moja. Halijabanduka popote, kwa kuwa hakuna ngozi ya kubanduka. Upande wa ndani maji bado yanasimama kama matone juu ya jani la yugwa. Upande wa ziwani rangi imefifia, na tangu mwezi uliopita matone huingia polepole na kuacha doa jeusi kwa muda. Hiyo ndiyo dalili kwamba upande huo unahitaji mkono mwingine, mapema kuliko miaka mitatu iliyotajwa kwenye kopo. Harufu ilikuwa kali kwa wiki nzima, na rangi ilitoka nzito kuliko sampuli ya dukani, hivyo jaribuni kwanza kwenye kipande cha mbao hiyo hiyo.

Hata hivyo sitarudi kwenye vanishi. Safari hii hakuna kukwangua: nitaosha geti kwa maji ya sabuni, nilisugue kidogo, nipake mkono mmoja upande wa nje. Ile lita iliyobaki iko stoo, nimeifunika vizuri, inatosha.