Uzoefu wangu na boksi la Wazulu wa 1879: plastiki nzuri sana, ila mwongozo wa rangi ya ngozi hapana

Wadau habari zenu. Nimemaliza boksi langu la kwanza la Wazulu wa vita ya 1879 dhidi ya Waingereza, plastiki ngumu, kimo kama milimita 28, figa 40 ndani (yaani sanamu ndogo za askari za kuchezea mezani), na nimekaa nao wiki saba usiku kwa usiku kwa hiyo nadhani nina cha kusema. Jina la kampuni naliacha maana nina malalamiko mawili mazito, na nia yangu ni kumsaidia anayetaka kuanza jeshi hili, sina ugomvi na mtu.

Kwa ambaye hajawahi kugusa hii kitu, figa zinakuja vipande vipande kwenye fremu ya plastiki, unakata, unaunganisha, unapaka rangi, unabandika kwenye vitako, halafu unalipanga jeshi mezani na kupigana na mwenzako kwa dadu na tepu ya kupimia. Mimi kabla ya hapa nilikuwa na Wafaransa wa Napoleon, kama 120 hivi, na kiukweli walinifundisha kupaka makoti, vifungo, mikanda, ila ngozi hawakunifundisha. Mfaransa wa 1812 ngozi yake ni uso na vidole tu, ukikosea koti la bluu linakuokoa. Mzulu wa 1879 ngozi ndiyo karibu figa nzima, kifua, mgongo, mapaja, mikono, yaani ukiikosea ngozi umelikosea jeshi lote na hakuna pa kujificha.

Nianze na yaliyo mazuri maana yapo mengi. Uchongaji ni wa hali ya juu. Misuli ya mgongo ipo, mbavu zinaonekana kwa anayenyoosha mkono kurusha mkuki, na miili ina mwendo, wengi wanakimbia wameinama kidogo nyuma ya ngao kama mtu anayejua risasi zinakuja. Plastiki ni ile ngumu ya polistirini kwa hiyo unatumia gundi inayoyeyusha, vipande viwili vinakuwa kimoja kabisa, ukikauka usiku mmoja hata ikianguka mkono haung'oki. Mstari wa moldi, ule unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, upo lakini mwembamba, unaukwangua kwa mgongo wa kisu sekunde chache kila mguu. Msiruke hiyo hatua jamani, kwenye koti mstari unaweza ukajificha kwenye mkunjo wa nguo lakini kwenye paja tupu utauona kila siku kama kovu. Zamani nilijaribu Wazulu wa skeli ya 1/72, ile plastiki laini, rangi ikawa inabanduka kwenye mikuki kila ukiwashika kwa sababu plastiki yenyewe inapinda na rangi haipindi nayo, kwa hiyo kwangu kurudi kwenye plastiki ngumu ilikuwa raha tupu.

Sasa lalamiko la kwanza. Ndani ya boksi kuna karatasi ya maelekezo ya rangi. Kwenye ngozi imeandika mistari miwili tu: paka kahawia, halafu changanya kahawia hiyo hiyo na nyeupe upake sehemu zilizoinuka. Basi. Mkanda wa Mwingereza kwenye karatasi hiyo hiyo una hatua nne! Mimi nikafuata, nikapaka kumi wa kwanza hivyo hivyo, nikawaweka chini ya taa asubuhi, aisee niliumia. Walikuwa wamepauka. Wote. Kijivu juu ya mabega, kijivu kwenye magoti, kijivu puani, kama watu waliotoka kuoga kwenye baridi hawajagusa mafuta. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye watu weusi anajua hiyo rangi ni rangi ya nini na anajua kwamba siyo rangi ya mwili wenye afya unaokimbia juani mwezi wa Januari. Aliyeandika ile karatasi hakuwahi kuangalia bega la mtu mweusi kwa makini na hilo ndilo lililoniudhi zaidi ya muda nilioupoteza.

Sababu yenyewe siyo ngumu kuielewa. Nyeupe ukiitia kwenye kahawia inaipoza, inaua wekundu uliomo ndani, na wekundu ndio unaofanya ngozi ionekane ina damu. Ngozi nyeusi ikipigwa na mwanga inapanda kuelekea kwenye wekundu na uchungwa, ikiingia kivulini inashuka kuelekea kwenye bluu au zambarau. Halafu inang'aa. Kile kialama cha mwanga kwenye bega ni kidogo na kikali, hakisambai kama kwenye ngozi nyeupe.

Niliwaosha wale kumi rangi yote ikatoka nikaanza upya, na hii ndiyo njia niliyoishia nayo. Nilitumia rangi za Vallejo, zile chupa za kudondosha, kwa sababu unahesabu matone na kesho unarudia mchanganyiko ule ule. Praima, yaani rangi ya msingi, nyeusi mwili mzima, halafu praima ya rangi ya pembe ya ndovu kutoka juu kwa mshazari ili ishike kichwa, mabega na kifua tu, hapo tayari unaona kivuli kitakaa wapi. Kisha ngozi yote kahawia iliyoiva matone manne na bluu ya usiku tone moja, nyepesi, umeongeza maji. Ikikauka unachukua kahawia nyekundu, ile rangi ya chungu kilichochomwa, unapaka kila mahali isipokuwa mashimoni: chini ya kwapa, kati ya misuli ya tumbo, nyuma ya goti unaacha ile ya kwanza. Halafu kahawia hiyo hiyo unaitia rangi ya machungwa kidogo na hudhurungi ya njano, hapo unapaka paji la uso, mfupa wa shavu, juu ya pua, bega, kiwiko, goti. Mwisho kabisa nukta, narudia nukta, ya rangi ya mwili nyepesi juu ya bega na shavu. Nyeupe haigusi ngozi hata mara moja. Viganja na nyayo unazipandisha ziwe nyepesi zenye upinki kwa mbali, na midomo ya chini unaitia wekundu wa zambarau kidogo sana. Figa ya kwanza ilinichukua saa nzima na ushee, nikaiweka mezani nikawa naitazama tu, nilihisi kama mtu yule ananitazama na yeye.

Na msiwapake wote mchanganyiko mmoja. Nilifanya minne tofauti, mmoja mweusi wa kuelekea bluu, mmoja wa kahawia wa kati, mmoja mwekundu, mmoja mwepesi kidogo, nikawachanganya safuni ili wawili wenye rangi moja wasikae pamoja. Kwa mbali hujui umefanya nini ila unaona ni umati wa watu.

Wa safu za nyuma nilitumia rangi za majimaji za aina ya Contrast, zile ambazo watengeneza rangi wa Citadel walizitoa 2019 na wengine wakafuata, unapaka mkono mmoja tu rangi yenyewe inatiririka kwenye mashimo na kuacha vilima vyepesi. Kahawia yenye wekundu juu ya ile praima ya mshazari inatoa ngozi nzuri sana kwa dakika chache. Usiache dimbwi la rangi kifuani, lifute kwa brashi iliyokamuliwa, likikauka linakuwa doa.

Kitu kingine ambacho sikukisoma popote kwenye ile karatasi: vanishi. Nilipulizia vanishi isiyong'aa jeshi lote kulinda rangi, ngozi ikafa tena! Nikarudi na brashi nikapaka vanishi ya mng'ao wa kati kwenye ngozi peke yake, ngao na manyoya nikaviacha bila mng'ao. Hapo ndipo miili ilipoamka. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yangu yote chukua hiki.

Ngao sasa. Hapa nilifurahi kuliko kote. Ngao za vita za Wazulu zilikuwa mali ya mfalme, zinakatwa kwenye ngozi za mifugo yake na kutolewa kwa kikosi, kwa hiyo rangi ya ng'ombe ilikuwa inakwambia huyu ni nani. Kwa ujumla vijana walibeba ngao nyeusi au za giza, na weupe ukawa unaongezeka kadri kikosi kinavyokuwa cha watu wazima wenye heshima, ingawa kufika 1879 hili halikufuatwa kwa ukali kama enzi za nyuma. Kwa hiyo usipake madoadoa hovyo hovyo. Mimi nilifanya kikosi cha uKhandempemvu, ngao nyeusi nyingi, nyingine zenye mabaka meupe. Ngao yenyewe ni kama kucha ya kidole gumba, na katikati ina zile safu mbili za vikanda vya ngozi vilivyopitishwa kwenye matundu, wenyewe wanaviita amagabelo, uchongaji umevionyesha vizuri ila ni vidogo mno. Kwenye ngao nyeusi vinapakwa vyeupe. Tumia brashi yenye ncha, siyo lazima iwe ndogo, namba 1 yenye ncha kali inabeba rangi ya kutosha kumaliza safu nzima bila kukauka njiani, ile ya sifuri mbili inakauka kabla hujafika. Na mabaka ya ng'ombe yana kingo za manyoya, usiyachore kama ramani, gusa gusa ukingo kwa viharakati vidogo kufuata yanakolala manyoya.

Lalamiko la pili ni vichwa. Wanaume waliooa walivaa ile pete ya kichwani, isicoco, inashonwa kwenye nywele na kupakwa kitu kama nta mpaka inang'aa nyeusi. Boksi langu limeleta vichwa vya pete sita kwa watu 40. Ukitaka kujenga kikosi cha uThulwana, ambao 1879 walikuwa watu wa miaka 45 hivi, kikosi kizima unatakiwa uwe na pete, sita unawapeleka wapi? Nilichofanya nilichukua ile pati ya epoksi ya sehemu mbili, nikaikanda, nikaviringisha uzi mwembamba kwenye kioo chenye maji ili usigande, nikaukata na kuuzungushia kichwa, nikabana maungio kwa ncha ya sindano. Kumi kwa jioni moja unamaliza, ila hiyo ni kazi ambayo kampuni ingeifanya kwa kuongeza fremu moja ndogo.

Upande wa mapambo, boksi lina manyoya, mikia ya ng'ombe ya mikononi na miguuni, vitu vingi vya kupendeza, na picha ya juu ya boksi imevaa vyote. Mimi niliviacha vingi kwenye fremu. Mavazi kamili yalikuwa ya sherehe mbele ya mfalme, kwenda vitani 1879 wengi walivua karibu yote, hasa vijana, wazee ndio walibakiza kidogo. Ukiwavalisha wote umeweka gwaride mezani.

Wingi wa figa ndio utakaokutesa. Kwenye pigano la Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, Wazulu walikuwa kama 20,000. Ukisema figa moja iwakilishe watu 50 unahitaji figa 400, yaani maboksi kumi, wakati upande wa pili, waliokuwa kama 1,700, unahitaji 34 tu, na karibu nusu yao walikuwa Waafrika wa Natal Native Contingent, wenyeji wa Natal waliopigana upande wa Waingereza, ambao unawatofautisha kwa kitambaa chekundu kichwani. Ushauri wangu anza na pigano la kituo cha Rorke's Drift, Waingereza walikuwa kama 150 ndani ya ukuta wa magunia na maboksi, unacheza kipande cha ukuta na Wazulu 40 wanakutosha mchezo mzuri kabisa wa jioni.

Mwenzangu ndiye mwenye Waingereza, wa chuma, anawapaka vizuri, kola na ncha za mikono ya koti za kijani kwa kikosi cha 24, kofia amezipaka rangi ya chai kwa sababu wenyewe walizichovya kwenye chai weupe usiwaonyeshe kwa mbali. Tulicheza mara ya kwanza wiki iliyopita. Niliwapanga Wazulu wangu kama Wazulu wenyewe walivyojipanga vitani, impondo zankomo, pembe za ng'ombe, kifua katikati, pembe mbili pembeni na viuno nyuma wakisubiri. Pembe ya kushoto ilimfikia. Ya kulia niliishiwa watu.

Kwa hiyo figa nazipa alama za juu kabisa, karatasi ya rangi itieni kando msiisome, na kwenye vichwa mjiandae na pati. Mimi boksi la pili nimeshaagiza, hawa watakuwa kikosi cha uNokhenke maana walikuwa miongoni mwa walioshika pembe ya kulia siku ile ya Isandlwana, na michanganyiko yangu minne ya ngozi nimeiandika matone kwa matone ubaoni juu ya meza. Anayetaka nimtumie aseme.