Juisi ya mabungo Kariakoo, hii ndo yenyewe

Wapenzi wa vitu vichachu njooni huku, kuna dada anauza juisi ya mabungo Kariakoo ukiingilia mtaa wa Msimbazi na jamani hii siyo yale maji ya rangi tunayouziwagwa, hii nzito, njano imekolea, uchachu unakukamata pembeni ya ulimi afu hiliki inakuja nyuma taratibu. Anapasua mabungo mbele yako, anatoa zile kokwa na nyama yake anaziloweka, anazifikicha kwa mkono mpaka zinabaki nyeupe ndo anachuja. Na hatii sukari hovyo, unamwambia mwenyewe kiasi. Glasi buku tu.

Kwa msiojua, mbungo siyo mti wa kusimama kama mwembe, unatambaa na kupanda juu ya miti mingine huko porini na mashambani, Zanzibar na Pemba ndo wanayajua haswa haya mambo.

Kasoro ni barafu, anajaza mno mpaka juisi inapoa ladha, mwambie aweke kidogo. Na vikombe vya kubebea vinavuja, ukipanda nao daladala shauri yako. Jioni hukuti kitu, nenda mchana.