Betri ya Optima YellowTop D35 kwenye gari la muziki mzito: kazi yake na mipaka yake

Taa zikififia kila besi inapogonga, mafundi wengi hukimbilia kusema "badilisha betri". Mara nyingi kosa si la betri. Injini ikiwaka, mwenye kubeba mzigo ni alteneta, jenereta inayozungushwa na injini. Amplifaya ya daraja D yenye wati 1,000 za kweli (RMS, si zile 4,000 za kwenye boksi), yenye ufanisi wa asilimia 80, huvuta kama ampea 90 kwenye volti 13.8. Alteneta ya ampea 80 ina taa, feni na AC za kulisha pia. Betri huziba pengo la pigo fupi tu, kisha alteneta hiyohiyo iijaze tena.

Kwa hiyo pima kwanza. Washa injini na taa, piga besi kwa sauti yako ya kawaida, weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye amplifaya. Betri ikisoma 14.0 na amplifaya 12.9, waya ni mwembamba au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imefungwa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma king'ae. Betri yenyewe ikishuka chini ya 12.5, alteneta imezidiwa, na hakuna betri ya kuiokoa.

D35 inaonyesha thamani yake injini ikizimwa. Ni AGM: asidi imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, tofauti na hizi zinazoitwa "betri kavu" mitaani, ambazo nyingi bado zina maji ndani. Uwezo wake ni Ah 48 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji) na CCA 620 (ampea za kuwashia injini kwenye baridi), na ukinzani wa ndani ni karibu omu 0.003, hivyo pigo la ampea 90 linaishusha kama robo volti tu. Usishangae kwamba Ah zake hazizidi za betri ya kawaida ya ukubwa huo. Unacholipia, tena mara kadhaa ya bei ya kawaida, ni uvumilivu wa kushushwa chaji na kujazwa tena na tena, jambo linaloua haraka betri ya kuwashia gari. Muziki unaovuta wastani wa ampea 15 utapiga kama saa moja na nusu kabla ya kumaliza nusu ya chaji. Simama hapo.

Wengi hukwama kwenye trei ya kuwekea betri. D35 inalingana na saizi ya Kijapani ya D23L: urefu sentimita 23 na ushei, upana 17. Vitz na wenzake hutumia aina ya B, yenye upana wa karibu sentimita 13, kwa hiyo haiingii bila trei mpya. Vichwa vya B vingi ni vyembamba pia, na klipu zake hazitavaa hapa. Betri ya sasa ya gari lako ikiandikwa D23R, chanya iko upande wa pili na waya huenda zisifike.

Kabla ya kuifunga, ongeza waya tatu za shaba halisi za milimita za mraba 25 bila kuondoa za zamani: alteneta hadi chanya ya betri, hasi hadi bodi, injini hadi bodi. Waya wa amplifaya uwe unene huohuo, na fyuzi ya ampea 100 isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Zile za alumini iliyopakwa shaba ni bei rahisi, ila zinabeba umeme kidogo na hupata joto.

Usiiunganishe D35 moja kwa moja na betri kuukuu ya maji. Ile dhaifu itainyonya usiku kucha. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuzitenganisha injini ikizimwa.

Chaja isizidi volti 15. D35 ikiwa imeshuka chini ya volti 10.5, chaja nyingi za kisasa zitaikataa na muuzaji atakwambia imekufa. Iunganishe sambamba na betri nzima, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, uchaji kwa ampea 10 huku ukiigusa mara kwa mara. Ikianza kuwa ya moto, acha. Ikipanda juu ya 10.5, itoe kwenye ile nyingine uendelee kuichaji peke yake.