TV yangu ya inchi 43, na yule kijana aliyesema "kioo kimekufa"

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda wake: TV naipa nyota tatu, kituo chao cha huduma sikipi hata nusu. Jina la kampuni silitaji, sitafuti kesi kwa ajili ya TV. Ila kama unapita Kariakoo umeziona, zimepangwa mlangoni na maboksi yake, muziki juu, na bei ya kukufanya urudi hatua mbili uangalie tena.

Sifa za kwenye boksi kila mtu anaweza kujisomea. Picha ni nzuri, sauti nyembamba, rimoti nyepesi mno. Tuliitazama mwaka na kitu bila tatizo. Halafu jioni moja, tena siku ya Simba na Yanga, sebule imejaa, watoto wa jirani wamebanana mkekani, kioo kikawa cheusi ghafla. Sauti ipo. Mtangazaji anapiga kelele, krosi imepigwa, kipa kaipangua, na sisi tumekodolea giza. Ukizima ukawasha, nembo ya kampuni inatokea sekunde moja, kisha giza tena. Kipindi cha pili chote tulikisikiliza.

Nikaipeleka kwenye kituo chao, mimi na TV tumebanana kwenye bajaji, nimeikumbatia imesimama wima maana kuilaza barabara ile ni kuiua kweli.

Kijana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu yake. Shikamoo sikuipata na sikuidai. Nikamsalimia mimi.

"Ina nini?"

"Sauti inatoka, picha haitoki. Ukiiwasha inaonyesha kidogo, halafu..."

"Kioo kimekufa hicho, mzee."

"Si uichomeke kwanza uione?"

"Hizi nazijua. Unakaa wapi?"

"Mbagala."

Akacheka. Akamgeukia mwenzake, naye akacheka. "Ndiyo maana. Umeme wa Mbagala huo. Waranti haihusiki na umeme."

Nikamwambia waranti yenyewe imeshaisha, kwa hiyo umeme wa Mbagala unaingiaje hapa? Hakujibu. Akasema kioo kipya bei yake inakaribia TV nzima, bora niongeze hela nichukue mpya, "na hii tuachie hapa hapa, tutajua cha kuifanyia." TV bado iko kwenye blanketi nililoifungia nyumbani! Hakuigusa hata kwa kidole. Daktari gani anaandika cheti cha kifo mgonjwa akiwa bado amejifunika shuka?

Nikabeba TV yangu nikaondoka. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja na TV kama yangu, kaifunga kwa kanga. Nikiwa mlangoni nikasikia, "Kioo kimekufa hicho, mama."

Jioni nikampigia mpwa wangu, anasoma umeme VETA. "Shikamoo mjomba. Zima taa zote, washa TV, chukua tochi ya simu, imulike kioo kwa karibu, kwa upande upande." Nikafanya. Jamani, picha ilikuwepo! Hafifu, ya kivulivuli, lakini msomaji wa habari anaonekana mpaka tai. Maana yake kioo kizima, na mazabodi, ile bodi kuu inayoendesha TV, nayo nzima. Kilichokufa ni taa zinazomulika kioo kwa nyuma, ambazo mafundi wanaziita baklaiti. Kioo chenyewe hakitoi mwanga wake, kinasubiri kumulikwa. Jaribio hilo ni la bure, na linafanya kazi hata kwa laptopu iliyozima kioo. Yule kijana lingemchukua muda mfupi kuliko huo aliotumia kuicheka Mbagala.

Na hilo la umeme pia ni uongo, au tuseme ni uvivu. Umeme ukipanda kwa fujo, wa kwanza kuumia kwa kawaida ni fyuzi na pawa sapulai, ile bodi inayopokea umeme wa ukutani, na hapo TV haiwaki kabisa, hata taa nyekundu huioni. Yangu inawaka, inaongea, inabadilisha chaneli. Ule mwanga wa sekunde moja ndio ulikuwa ushahidi wenyewe: taa hizo zimeungwa mfululizo, moja ikikata mnyororo mzima unakatika, na saketi inayozilisha ikiona hivyo inajifunga kujilinda. Kitaa kimoja kidogo kuliko ukucha.

Mpwa alikuja siku ya mapumziko na bisibisi na mita ya kupimia umeme. Kabla ya kufungua tuliichomoa ikakaa muda mrefu, kwa sababu ile kapasita kubwa ya pawa sapulai, kifaa kinachotunza umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata kama waya umeshautoa ukutani. Sehemu hii si ya kuonyeshana umwamba. Kama humjui wa kukusimamia, mtafute fundi wa mtaani anayeifungua mbele yako.

Kazi ngumu si umeme, ni kioo. Ukishatoa mfuniko wa nyuma na fremu ya mbele, kioo kinabaki chembamba, kinapinda mkononi, na pembeni kina vitepe vyembamba vinavyokiunganisha na bodi zake. Kitepe kimoja kikichanika, basi hapo ndipo kioo kinakufa kweli. Tulikiinua watu wawili, mpwa hapumui, mimi sipumui, tukakilaza kitandani juu ya shuka safi. Chini yake kuna karatasi nyeupe za kutawanya mwanga. Hizo tulizipiga picha kabla ya kuzigusa ili zirudi kwa mpangilio uleule. Chini ya karatasi, taa zenyewe: vipande virefu vya alumini vyenye vitaa vilivyofunikwa na vikombe vya plastiki. Kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati. Mpwa akakigusa na mita, kimya. Wenzake, ukiwagusa, wanatoa mwanga mdogo. (Angalizo: hivyo ni kwa taa za volti 3. Zile za volti 6 haziwaki kwa mita ya kawaida hata zikiwa nzima, usije ukazitupa.)

Seti mpya tuliinunua Kariakoo hapo hapo, kwa bei ambayo ukiilinganisha na ile niliyotajiwa kaunta utacheka mpaka ulie. Nenda na kipande cha zamani mkononi. Urefu ufanane, idadi ya vitaa ifanane, volti zifanane, na badilisha seti yote, maana vile vilivyobaki navyo vimechoka. Usiku huohuo TV ikawaka. Kwenye kona moja kuna kijidoa cheupe, kikombe kimoja hakikukaa sawasawa. Mke wangu anakiona kila siku, mimi nimeamua kutokukiona.

Kwa hiyo nyota tatu? Nilipoanza kuandika nilimaanisha. Lakini swali ni kwa nini taa zife ndani ya mwaka na kitu. Nimeingia kwenye mipangilio: baklaiti imetoka kiwandani ikiwa 100, ili ing'ae dukani iwapite za jirani. Taa za aina hii zinauawa na joto, na kuziendesha juu kabisa kila siku ni kuzichoma. Nimeishusha hadi 50 na wala sioni tofauti, sebule yetu si uwanja wa mpira. Wangeweza kuishusha wao. Hawataki. Nyota mbili. Mbili kwa sababu picha kweli ni nzuri, siwezi kuwasingizia.

Kinachonikera zaidi ni yule mama. Nasikitika sikumsubiri. Juzi nilipita tena maeneo yale, milango michache kutoka kwenye kituo kuna duka dogo lina TV za kampuni hiyo hiyo, zimebandikwa karatasi "imefunguliwa boksi tu". Nikageuza moja nikaangalia nyuma. Skrubu mbili hazipo, na mojawapo ya zilizobaki imelika kichwa kwa bisibisi isiyo saizi yake. Nikamuuliza muuzaji zinatoka wapi. "Kwa mafundi wetu," akasema, bila hata kuona haya.

Sisemi kwamba ni zile zile. Mama yule sijui kama aliiacha. Ila "tuachie hapa hapa" niliisikia kwa masikio yangu, na bei ya hapo ni kama nusu ya mpya, picha inawaka safi. Kama bado unaitaka TV hii baada ya kusoma yote haya, kanunue pale, wameshabadilisha taa. Nyota moja.